Mgongo wa Darcy na Kondoo wa Leonie

Leonie Pohlner alikulia kwenye mabanda ya kunyolea kondoo, na alikuwa akisema kwamba kabla hajajua kusoma alishajua kutofautisha mwendo wa mtu mwenye mgongo mzima na wa mtu ambaye mgongo wake umekwisha. Babu yake alinyoa kondoo mpaka akashindwa kuinama kufunga viatu. Baba yake vivyo hivyo. Kaka yake, Darcy, alishika mashine ya kunyolea akiwa bado ana chunusi usoni, na alipofika miaka arobaini alikuwa anashuka kitandani kwa kutambaa, anajikokota hadi ukutani, kisha anaupanda ukuta kwa mikono mpaka asimame.

Leonie alikwenda chuo. Alisomea mifupa na mishipa ya fahamu, akafanya kazi Melbourne, akafanya kazi Ulaya, kisha akarudi Australia Kusini kwenye shamba la utafiti lililoko mwendo mfupi nje ya Gawler. Hapo ndipo tulipokutana. Mimi ni daktari wa mifugo, jina langu Ngaire. Nilizaliwa ng'ambo ya bahari, Gisborne, lakini nimeishi huku muda mrefu kiasi kwamba nikienda New Zealand ndugu zangu wanacheka lafudhi yangu. Kazi yangu pale shambani ilikuwa kuwalaza kondoo usingizi wakati wa upasuaji, kuwaamsha salama, na kuhakikisha hawateseki.

Alichokuwa anakitafuta Leonie ni rahisi kukieleza. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kisahani. Nje ni kigumu kama mpira wa tairi, ndani ni laini kama jeli. Mnyoaji anainama siku nzima, amembana kondoo mzito katikati ya magoti, anamgeuza, anamvuta, anajipinda. Siku moja ule mpira unachanika, jeli inachomoza kwa nyuma na kuugusa mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Mwili unaiona jeli ile kama mvamizi. Unaleta joto, unaleta uvimbe, na mshipa uliokwama hapo katikati unawaka. Mtu anahisi waya wa moto kuanzia takoni hadi kidole gumba cha mguu.

Dawa za kupunguza uvimbe zipo tele, lakini ukizimeza zinazunguka mwili mzima, zinachubua tumbo, na kinachofika kwenye kisahani ni kidogo mno. Leonie alitaka kuipeleka dawa mlangoni kabisa. Alitengeneza punje ndogo kuliko chembe za mchanga, akazilowesha dawa, ili zikiwekwa kando ya mshipa ziitoe polepole kwa wiki nyingi. Na mnyama aliyefaa kujaribiwa alikuwa kondoo, kwa sababu kiuno chake, ukikiangalia kwa ndani, hakitofautiani sana na chetu.

Darcy alilicheka jambo hilo mpaka machozi. "Yaani miaka yote hii kondoo wamenivunja mgongo," alisema, "sasa dada yangu ananilipizia kisasi."

Yeye ndiye aliyekuja kuwanyoa kondoo wetu kabla ya upasuaji wa kwanza. Alishuka kwenye gari lake bovu akiwa amepinda upande mmoja, kama mti uliozoea upepo wa kaskazini, akawatazama majike wa kondoo wa aina ya Merino waliokuwa zizini.

"Ngaire, hawa mara ya mwisho walinyolewa na nani? Wanaonekana wametafunwa na panya."

"Niliwanyoa mimi."

"Si ajabu. Nyie wa ng'ambo mnajua raga tu."

"Na mkija uwanjani tunawafunga."

"Mimi siuiti mpira ule. Ni watu wazima wanakumbatiana kwenye matope." Akavuta ule mkanda wa springi unaoning'inia darini, akauegemeza kifua ili umpunguzie mgongo uzito, akawasha mashine. Alinyoa vizuri sana. Mkono ulikwenda laini kama mtu anayemenya chungwa. Lakini kila alipomaliza kondoo mmoja alikaa ameshika magoti, macho kayafumba, kabla ya kumfuata mwingine.

Leonie alisimama mlangoni akimwangalia.

Tulifanya upasuaji kipindi cha baridi. Kila kondoo alilazwa usingizi, Leonie akapasua kidogo ubavuni, akakichana kisahani kwa ncha ya kisu mpaka jeli ikachomoza, kisha akaweka punje. Nusu ya kondoo walipata punje zenye dawa, nusu nyingine punje tupu. Sisi tuliokuwa tukiwatazama kila siku hatukuambiwa nani kapata nini, ili mapenzi yetu yasitudanganye macho.

Haikuchukua muda tukaanza kuona. Wapo waliochechemea, wakalala sana, wakasimama wameuinua mguu mmoja wa nyuma. Na wapo waliokwenda malishoni kama hawakuguswa. Siri ilipofunguliwa kwa hatua ya kwanza, ikawa kama tulivyodhani. Waliokuwa wanatembea vizuri ni wale wa dawa.

Mkuu wetu, Profesa Alastair Bascombe, alikuja mwenyewe kutoka mjini. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye nyusi nyeupe nene, amebakiza kipindi kifupi kabla ya kustaafu. Alisimama kwenye uzio, kiatu kizuri kimezama kwenye samadi, akawaangalia kondoo wakitembea.

"Leonie," alisema, "nimeifanya kazi hii tangu wewe ukiwa shule. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Mwezi ujao kuna mkutano Brisbane. Utasimama uwaambie."

"Bado."

"Bado nini? Wanatembea."

"Wanatembea, ndiyo. Sijaona ndani."

"Ndani utaona baadaye. Watu wanasubiri habari hii."

"Najua wanaosubiri, Profesa. Mmoja nakula naye kila Jumapili." Alilisema kwa upole lakini hakuondoa macho. "Nikisimama Brisbane leo nitasema maumivu yamepungua. Wao watasikia kwamba kisahani kimepona. Sijui kama kimepona. Nipe muda nimalize kama tulivyopanga."

Bascombe alinigeukia mimi, kama mtu anayetafuta shahidi. Nikajifanya naangalia kwato.

Habari mbaya ni kwamba siri haikai kwenye nchi ya kondoo. Mtu alimwambia mtu kwenye baa ya Jamestown, na kabla ya wiki kuisha Darcy alikuwa amesimama kwenye geti letu, mchana wa upepo, kofia kaishika mkononi. Safari hii hakutania.

"Nasikia dawa yako inafanya kazi."

"Inapunguza maumivu ya kondoo," Leonie akamjibu. "Kwa sasa najua hilo tu."

"Basi nidunge mimi."

"Darcy."

"Sikiliza. Siombi cheti. Ngaire ana sindano, wewe una punje. Nitajilaza hapo kwenye meza yenu ya kondoo, nitalia mee kama mnataka."

"Hapana."

"Unanijua mimi. Sitasema kwa mtu."

"Tatizo si kusema. Sijui itakufanya nini."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Usichojua wewe ni kulala chini jikoni saa nzima kwa sababu umepiga chafya. Tamsin ananivalisha soksi, Lee. Mke wangu ananivalisha soksi kama mtoto. Na wewe unazo kwenye jokofu, hapo nyuma ya mlango."

Nilimwona Leonie akiushika uzio kwa mikono miwili. "Nikikuwekea leo na ikakuharibu," alisema, "nitakuwa nimekuulia kazi na nimeiua dawa pia. Sikupi. Na ukirudi kesho sikupi. Nenda hospitali wakupige picha, nitakwenda na wewe. Pumzika msimu huu."

"Mnyoaji anayepumzika msimu mzima anaitwa mstaafu."

"Basi staafu."

Darcy alivaa kofia. "Baba alikuwa anasema wewe ndiye mwenye moyo wa jiwe kati yetu. Mimi nilikuwa nakutetea." Akaingia garini, taratibu, mguu mmoja kwanza, kisha mwingine akiuinua kwa mikono, akaondoka.

Leonie alirudi kazini. Alikuwa hivyo. Jambo likimwuma, alikwenda kupima kitu.

Muda wa kuona ndani ukafika. Kwanza tuliwapitisha kondoo kwenye mashine kubwa ya picha za sumaku, mimi nikiwa nimewalaza usingizi, wakiingia mmoja mmoja kwenye lile shimo linalogonga kama nyundo. Baadaye ikabidi kuwaua ili mishipa na visahani vichunguzwe. Watu wengi wa maabara hawaji siku hiyo. Leonie alikuja kwa kila kondoo. Nilipokuwa nachoma sindano ya mwisho yeye alipiga magoti, akakishika kichwa, akamtazama usoni mpaka macho yakatulia. Nilimuuliza mara moja kwa nini anajitesa. Akasema, "Ninachukua mgongo wake. Siwezi kuuchukua nikiwa nimegeuka pembeni."

Alinionyesha picha asubuhi, tukiwa na chai mkononi. Aliweka mbili sambamba kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyu alipata punje tupu," alisema. "Yule aliyekuwa anachechemea sana, unamkumbuka? Tazama jeli yake iko wapi."

Nikatazama. Ilikuwa karibu haipo. Palipokuwa na donge pamebaki kovu dogo.

"Na huyu ni wa dawa. Yule mrembo wetu aliyekuwa anaruka."

Donge lilikuwa pale pale, jeupe, nene, limeukalia mshipa kama siku ya kwanza.

Sikuelewa mara moja. Leonie alielewa, akanieleza. Ule uvimbe tuliokuwa tunaupiga vita ndio uliokuwa unafanya usafi. Lile joto linaita seli za mwili zinazokula uchafu. Zinaikuta jeli iliyochomoza, zinaitafuna kidogo kidogo mpaka inakwisha. Sisi tulikuwa tumewafukuza wafagiaji mlangoni kwa sababu wanapiga kelele. Kondoo hakusikia maumivu, lakini takataka zilibaki ndani ya nyumba.

"Wote?" nikauliza.

"Karibu wote." Aliweka kikombe mezani. "Nampigia Darcy. Lazima ajue kwamba kutosikia maumivu si kupona."

Simu ya Darcy haikupokewa. Akampigia Tamsin. Tamsin alisema Darcy ameondoka, amekwenda kunyoa banda kubwa kule juu ya Orroroo. Alisema daktari mmoja wa mji mwingine alimchoma sindano ya kutuliza uvimbe, akamwambia apumzike, naye Darcy alipoona maumivu yamekwisha akapakia vifaa vyake. Juu ya sindano alikuwa anameza vidonge alivyopewa na wenzake. "Aliondoka anapiga mluzi," Tamsin alisema. "Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu sijui lini. Nilishindwa kumzuia, Lee. Alikuwa na furaha mno."

Tulikwenda kumfuata siku hiyohiyo, Leonie akiendesha. Hatukufika. Tulipokuwa tunaikaribia Peterborough simu ikaita. Alikuwa mwenye shamba. Darcy alikuwa amewatangulia wenzake wote tangu asubuhi, hata Jarrod, kijana mwenye kasi kuliko wote pale, ananyoa kama kijana, anawatania. Baada ya chai alimvuta jike mmoja kutoka zizini, akasikia kitu kimeachia kiunoni. Alikaa chini. Alisema haumwi. Alipotaka kusimama miguu haikumtii, na suruali ilikuwa imelowa bila yeye kujua. Ndege ya madaktari ilikuwa njiani kumchukua.

Leonie alisimamisha gari kando ya barabara. Ngano ilikuwa imekomaa pande zote mbili. Alikaa mikono juu ya usukani, kisha akageuza gari kuelekea Adelaide, kwenye hospitali ambako ndege ingempeleka.

Madaktari wa upasuaji walifanya haraka na walifanya vizuri. Walitoa kipande kikubwa cha kisahani kilichokuwa kimeibana mishipa yote ya chini kwa pamoja. Darcy alipozinduka aliweza kusogeza mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa kama wa mtu mwingine. Leonie alikuwa ameketi kando ya kitanda, bado ana viatu vyake vya zizini.

"Nilimpita Jarrod," Darcy alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Waambie. Nilikuwa mbele ya Jarrod."

"Nitawaambia."

"Sikusikia kitu, Lee. Hicho ndicho kinachonishangaza. Mgongo ulikuwa umekaa kimya kama mtu mwema."

Alimweleza aliyoyaona kwenye picha za kondoo. Hakumlaumu. Alimweleza kama anavyomweleza mwenzake wa kazi, donge lilivyobaki, seli zilivyozuiwa. Darcy alisikiliza akitazama dari.

"Kwa hiyo ile siku getini ungenipa..."

"Sijui ingekuwaje. Ndiyo maana sikukupa."

"Mm." Akamgeukia. "Baba alikosea kuhusu moyo wa jiwe. Jiwe liko kichwani." Leonie akacheka, na huku anacheka akawa analia, akajifuta kwa mkono wa koti lenye harufu ya kondoo.

Niliamini ataiacha ile kazi, au angalau atapumzika. Alirudi shambani mapema wiki iliyofuata. Bascombe alikuwa anamsubiri ofisini.

"Nimesoma taarifa yako," alisema mzee. "Tunaweza kusema dawa inatuliza maumivu. Ni kweli. Mengine tunaweza kuyaweka mbali kidogo, sehemu ya mwisho."

"Mengine ndiyo taarifa yenyewe."

"Itaonekana tumeshindwa."

"Tumeshindwa nusu. Nataka kujua nusu nyingine iko wapi." Akachukua kalamu, akachora mstari ubaoni. "Umeshawahi kuona wakulima wanavyochoma mabua baada ya mavuno? Huzimi moto ukiwa katikati ya shamba. Unauacha uyatafune mabua. Unausubiri kwenye uzio, hapo ndipo unauzima, kabla haujaingia kwa jirani. Sisi tulimwaga maji siku ya kiberiti. Kwa wale kondoo wa punje tupu, jeli iliisha, lakini moto haukujua kusimama. Uliendelea, ukaacha makovu kwenye mshipa, ndiyo maana bado walichechemea mwishoni. Nataka kuweka dawa baadaye. Moto ufanye kazi yake, halafu tuuzime."

Bascombe aliukodolea macho mstari ule. "Unaomba kondoo wengine."

"Naomba."

Aliyempinga kwa nguvu zaidi nilikuwa mimi. Tulibishana zizini, mvua ya kwanza ya Aprili ikigonga mabati, na ulikuwa ugomvi wa kweli.

"Unachosema," nikamwambia, "ni kwamba niwaamshe kwa maumivu na niwaache waungue wiki nzima na zaidi, bila kufanya kitu, kwa sababu moto una faida."

"Punje tupu tulishawapa wengine mara ya kwanza."

"Na sikulala vizuri. Mara ya kwanza sikujua. Sasa najua. Siwezi, Leonie. Tafuta mtu mwingine awalaze."

"Simtaki mtu mwingine."

"Basi nipe njia."

Alikaa juu ya fungu la majani makavu, mabega yamelegea. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amechoka waziwazi. "Dawa za maumivu tulizonazo karibu zote zinaua uvimbe," alisema. "Nikiwapa hizo nimerudi palepale."

"Si zote. Zipo zinazofunga mlango wa ubongo bila kugusa uvimbe. Kuna kibandiko tunachokibandika kwenye ngozi iliyonyolewa, dawa inaingia polepole. Farasi tunawapa. Kondoo pia. Moto unaendelea kuwaka chini, mwenye nyumba yuko usingizini."

Alinyanyua kichwa. "Na tukiwapa wote, wa punje za dawa na wa punje tupu, sawasawa..."

"Hutakuwa umempendelea yeyote."

"Na binadamu?"

"Binadamu mtamlaza kitandani na mtamkataza kunyoa kondoo," nikasema. "Hiyo si kazi ya kibandiko. Ni kazi ya mke."

Kamati ya maadili ya wanyama ilituita na kutuhoji mchana kutwa. Mama mmoja mfugaji kutoka Clare aliuliza swali lililokuwa zito kuliko yote: kwa nini wasingoje wengine, mahali pengine duniani, wafanye jaribio hilo? Leonie akamjibu kwamba hakuna mwingine anayejua kuwa la kwanza lilikwenda kombo, kwa sababu lilikuwa lao. Wasipolimaliza, mtu mwingine atalirudia kosa hilo juu ya kondoo wengine, na baada ya hapo juu ya watu. Mama yule aliandika kitu, akasema hana swali tena. Walikubali, lakini walipunguza kondoo na kudai mimi niwe na mamlaka ya kusimamisha kila kitu nikiona mnyama anateseka. Leonie alisema hayo ndiyo aliyokuwa anataka kuomba.

Basi tukaanza upya. Walinyolewa na Jarrod safari hii, kijana mwenye mikono mizuri na mgongo ambao bado haujamdai. Nikawalaza, nikawaamsha, nikabandika vibandiko. Nilikaa nao sana. Wawili niliwatoa kwenye jaribio kwa sababu sikuipenda hali yao, na Leonie hakunibishia hata kwa jicho. Moto ulipokwisha kufanya kazi yake, aliwadunga punje, wengine za dawa na wengine tupu, kwa sindano ndefu, akiiongoza kwa picha.

Darcy wakati huo alikuwa amejifunza kutembea kwa fimbo na chuma kidogo kinachoushika mguu wa kushoto usiburuze. Kibofu kilirudi kazini, si kikamilifu. Alikuja shambani siku moja na Tamsin, akasimama kwenye uzio akiwaangalia kondoo, akaniuliza yupi ana dawa. Nikamwambia sijui, na hata ningejua nisingemwambia.

"Yule pale ana dawa," akasema, akionyesha kwa fimbo. "Anatembea kama mtu aliyelipwa."

Alikosea. Tulipokuja kufungua siri yule alikuwa wa punje tupu, bahati yake tu. Lakini kwa jumla yao jibu lilikuwa wazi kuliko tulivyothubutu kutumaini. Kwa kondoo waliopewa dawa baadaye, jeli ilikuwa imeliwa kama kwa wale wa punje tupu. Na mishipa yao ilikuwa safi, ina makovu machache, na walikanyaga chini kwa miguu yote minne kwa uzito uleule. Si wote. Wapo watatu ambao hawakuonyesha tofauti, na hatujui bado kwa nini.

Bascombe alizitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba yale majaribio mawili yatoke pamoja, la kushindwa likitangulia, na kwamba jina lake likae la mwisho. Kwenye mkutano uliofuata wa Brisbane alikwenda Leonie. Nimeambiwa alitumia zaidi ya nusu ya muda wake kueleza lile la kwanza.

Aliporudi alialikwa Burra, kwenye jengo la jumuiya, kuzungumza na wanyoaji. Walikuja wengi, na wake zao, na pai za nyama, na bia. Aliwaambia ukweli: ni kondoo, si watu, kabla ya watu kuna miaka ya kazi, na inaweza kushindwa, na mtu ambaye maumivu yake yamenyamaza ghafla asidhani amepona, aende apigwe picha, akae chini. Mtu mmoja nyuma akauliza, sasa wao wafanye nini wakati wanasubiri.

Darcy alisimama kabla Leonie hajajibu. Ilimchukua muda kusimama, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu wanamjua.

"Mnione mimi," alisema. "Nilimpita Jarrod nusu siku. Mkitaka kujua bei yake, njooni mnitazame nikivaa soksi."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Baada ya kikao wanyoaji kadhaa walijipanga kuzungumza na Leonie, wengine wakiwa wameshika viuno bila kujua kwamba wameshika. Aliwasikiliza mmoja baada ya mwingine mpaka jengo likataka kufungwa.

Njiani kurudi aliniuliza kuhusu wale kondoo watatu. Alitaka kujua umri wao, walikotoka, walikula nini, kama walikuwa na mimba zamani. Nikamwambia nitatafuta. Akasema anataka tuanze Jumatatu.